Mululuza na Karanga za Namba Mbili

Ukifika Namakwekwe, pale Mbale, Uganda, uliza nyumba ya Nambozo muuza karanga. Hakuna atakayekuonyesha kwa kidole. Watakuambia, "Fuata sauti ya ungo." Maana Nambozo hupepeta karanga tangu alfajiri, na ungo wake husikika mpaka barabarani, shwa, shwa, shwa.

Nyumba yenyewe ni vyumba viwili vya kupanga. Barazani kuna cherehani ya mumewe, Hamuza, ambaye hushona sare za shule na kanzu. Mke yuko huku na ungo, mume yuko kule na cherehani, na binti zao wawili wako shuleni.

Kazi ya Nambozo ilikuwa na utaratibu wake. Karanga zilimfikia zikiwa na maganda, ndani ya magunia. Jioni alizinyunyizia maji ili maganda yalainike. Asubuhi alizimenya bila kuumia vidole. Mama yake alimfundisha hivyo, na mama yake naye alifundishwa na bibi.

Kisha alichambua. Zile nene na safi aliziita namba moja. Hizo zilikuwa za kuuza. Zile ndogo, zilizokunjamana, zenye madoa meusi au vumbi la kijani, aliziita namba mbili. Hizo hazikutupwa. Nani atatupa chakula, na maisha yenyewe ndiyo haya? Namba mbili zilikaangwa, zikapelekwa kwenye mashine, zikasagwa. Nusu aliwauzia majirani kwa bei rahisi. Nusu ilibaki nyumbani.

"Zikishasagwa, zote ni sawa," alipenda kusema. "Tumbo halina macho."

Haya, tutaona kama tumbo halina macho.

Siku moja wahudumu wa afya walikuja msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Walikuwa wanapima homa ya ini aina ya B. Hamuza alitoa damu kwa mzaha tu, kwa sababu wenzake walikuwa kwenye mstari. Majibu hayakuwa mzaha. Virusi vilikuwamo kwenye damu yake. Akaambiwa aende hospitali.

Daktari alimpima tena, akamweleza taratibu.

"Bwana Hamuza, virusi unavyo. Lakini ini lako bado linafanya kazi vizuri. Kwa sasa huhitaji vidonge. Usinywe pombe. Rudi baada ya miezi sita tupime tena. Na mke wako aje apimwe. Kama hana, tutamchanja."

Hamuza akarudi nyumbani mikono mitupu. Nambozo akamtazama mikononi, akatazama mifukoni.

"Dawa iko wapi?"

"Hakuna dawa. Amesema kwa sasa sihitaji."

"Huhitaji? Mtu ana ugonjwa kwenye damu, halafu hahitaji dawa? Loo! Huyo daktari amekukatia tamaa, ila ameona haya kukuambia."

"Amesema nirudi kupima, Nambozo. Na wewe amesema uende."

"Mimi siumwi. Nitakwenda karanga zikipungua."

Karanga hazikupungua. Nambozo hakwenda. Lakini tangu siku ile hofu ilimkaa kifuani. Kila akimwona mumewe amelala mchana, alisimama mlangoni kusikiliza kama anapumua. Alimpenda mume huyu, na hakuona aibu kulisema. Akaona afadhali afanye jambo kuliko kukaa na kungoja. Akampigia simu mama mkwe wake.

Mama mkwe, Juwairiya, alikaa Budondo, kule Jinja. Yeye ni Msoga, na Nambozo ni Mgisu. Kila mmoja alijua maneno machache tu ya lugha ya mwenzake, kwa hiyo waliongea Kiswahili. Na Kiswahili cha Juwairiya kilikuwa na mambo yake! Alijifunza kambini, enzi marehemu mume wake alipokuwa askari. Kila alichosema kilitoka kama amri. Hamuza akipokea simu ya mama yake, hujibu, "Ndiyo, afande!" na mama hucheka mpaka akohoe.

Siku ile Juwairiya hakucheka.

"Ini? Dawa yake mululuza," alisema. "Natuma kesho. Asubuhi kijiko moja, jioni kijiko moja. Maliza."

Mululuza ni mti mdogo wenye majani machungu sana. Watu wengi wa Busoga huupanda kwenye ua. Tangu zamani wazee waliutumia kwa homa, kwa tumbo na kwa ini. Juwairiya aliyakausha majani kivulini, akayatwanga, akayafunga kwenye karatasi. Dereva wa taksi, basi dogo la abiria la Jinja, akayafikisha Mbale.

Sasa kumeza ndiyo ikawa kazi. Mara ya kwanza Hamuza aliyatema mpaka kwenye cherehani. Mara ya pili aliyatapika. Nambozo akafikiri, akapata njia. Alichukua karanga ya kusaga vijiko viwili, akatia mululuza kijiko kimoja na sukari kidogo, akakoroga. Ikashuka.

"Bado chungu," alisema Hamuza, uso umekunjamana.

"Ndiyo mululuza hiyo. Meza."

"Nambozo, unanitibu au unaniadhibu?"

"Meza, mume wangu. Mapenzi ndiyo hayo."

Hamuza akameza. Akawa anameza asubuhi na jioni, Nambozo amesimama juu yake kama mwalimu wa zamu. Zikapita wiki, ikapita miezi. Msimu ule mvua ilikataa kuondoka. Wakulima walivuna karanga kwenye matope, wakazianika kwenye ardhi yenye unyevu. Magunia yaliyomfikia Nambozo yalikuwa mazito na yana joto ndani. Namba mbili zikawa nyingi kuliko siku zote. Yeye akaona ni heri. Karanga za mume wake hazitakwisha.

Miezi sita ilipotimia, Hamuza alikuwa si yule wa mwanzo. Alichoka kabla ya saa nne. Chakula kilimchukiza. Upande wa kulia, chini ya mbavu, palimuuma. Cherehani ilikaa siku nzima bila kulia, na wazazi wakaanza kuja kudai sare za watoto wao.

Hospitalini daktari aliangalia majibu, akayaangalia tena.

"Ini limeumia. Mara iliyopita halikuwa hivi. Unakunywa pombe?"

"Hapana, daktari. Mimi Mwislamu."

"Dawa za miti shamba?"

Hamuza alitaka kunyamaza, lakini akasema kweli. "Mululuza. Kila siku."

"Acha leo. Tutapima tena baada ya wiki sita. Ikiwa hali haijabadilika, tutaanza vidonge. Ini likiendelea kuumia, linakufa kidogo kidogo. Likishakufa, hakuna wa kulifufua."

Maneno hayo Hamuza aliyafikisha nyumbani kama alivyoyasikia. Nambozo aliweka ungo chini. Hasira ikampanda.

"Kumbe mama yako anakuua!"

"Usimseme mama yangu."

"Nitamsema! Nani aliyetuma majani? Nani aliyesema maliza? Mimi nimekulisha sumu kwa mkono wangu, kwa sababu nilimwamini!"

"Mama alitaka nipone, kama wewe."

Nambozo akaokota ungo wake, akaingia ndani. Asubuhi yake aliwaacha watoto kwa Akoth, rafiki yake. Akoth ni Mkenya, mwenye kibanda cha chakula kando ya barabara kuu, ambako madereva wa malori husimama kula posho, yaani ugali. Kisha Nambozo akachukua mkebe wa dawa uliobaki, ule wenye mululuza na karanga. Alitaka kumrudishia mwenyewe.

Lakini desturi ni desturi. Huendi kwa mama mkwe mikono mitupu, hata ukiwa na hasira. Basi akajaza mkebe wa pili karanga ya kusaga, tupu, bila mululuza. Akatia mikebe yote miwili kwenye kikapu, akapanda taksi ya Jinja. Alishuka mjini, kwenye ile mitaa ya maduka ya zamani yaliyojengwa na Wahindi, akachukua boda boda mpaka Budondo.

Juwairiya alikuwa uani, anachuma majani ya mululuza. Nambozo alikuwa amepanga maneno yake njia nzima. Lakini alipomwona mama mkwe, desturi ikamshinda. Akapiga magoti, akamwamkia.

"Simama," alisema Juwairiya. "Keti. Kula kwanza."

"Mama, sikuja kula."

"Kula kwanza. Maneno baadaye."

"Mama, Hamuza anakufa!"

Juwairiya akaketi chini pale pale, majani yakamwanguka mapajani. Nambozo akamweleza yote, akilia: majibu ya damu, maumivu, maneno ya daktari. Mwisho akatoa mkebe wa dawa, akauweka chini kwa kishindo.

"Dawa yako hiyo. Nimeirudisha."

Juwairiya hakukasirika. Alifungua mkebe, akachungulia. "Mbona iko hivi? Mimi natuma majani. Hii nini?"

"Nilichanganya na karanga, ili imshuke."

Mama mkwe akachovya ncha ya kidole, akaonja. Kisha akatema, akatafuta maji, akasukutua, akatema tena.

"Hii si mululuza."

"Ni yako, mama. Wallahi ni ile ile."

"Sema polepole. Mimi nakunywa mululuza tangu sijaolewa. Uchungu yake naijua. Inakuja mbele ya ulimi, halafu inaondoka. Hii inakaa kwa koo. Iko mbovu hii." Akanusa kikapu. "Na hiyo mkebe ingine?"

"Hiyo ni zawadi yako. Karanga tupu."

"Iko na jani?"

"Haina hata moja."

Juwairiya akafungua, akaonja kidogo sana, akatema. Akamsogezea mkwewe mkebe.

"Onja wewe. Halafu tema."

Muuza karanga hali karanga, amezichoka. Nambozo hakukumbuka mara ya mwisho aliyoonja karanga yake mwenyewe ikiwa haijapikwa. Kwenye mchuzi alitia vitunguu, nyanya na chumvi, na mchuzi ulilika. Sasa aliweka kidogo kwenye ulimi. Ilikuwa chungu. Uchungu ukamkaa kooni, na haukuondoka.

Miezi yote ile Hamuza alipokuwa akilalamika, yeye alimwambia ndiyo mululuza hiyo.

"Mama, ni karanga zangu," alisema Nambozo.

"Simama," alisema Juwairiya. "Twende kwa Naigaga. Leta mkebe yote."

Naigaga ni muuguzi wa kituo cha afya. Alikulia nyumba ya tatu kutoka kwa Juwairiya, na mpaka leo humwita mama. Aliwakaribisha kwenye benchi, akasikiliza mpaka mwisho. Hakuonja chochote. Aliangalia mikebe, akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza Nambozo.

"Karanga hizi, kabla hazijasagwa, zilikuwaje?"

"Ndogo ndogo. Zilizokunjamana. Zingine zina madoa."

"Zina vumbi la kijani?"

"Kidogo."

"Na unazimenyaje?"

"Nazinyunyizia maji jioni, namenya asubuhi. Wote tunafanya hivyo, dada."

Naigaga akatikisa kichwa. "Najua mnafanya. Hata hapa Budondo tunafanya. Sikiliza. Lile vumbi la kijani ni kuvu. Kuvu hupenda unyevu na joto. Ukizinyunyizia maji karanga, ukazifunga kwenye gunia usiku kucha, umeiandalia kuvu kitanda. Na kuvu hiyo hutoa sumu. Inaitwa sumukuvu. Sumu hiyo inapiga ini."

"Lakini mimi nazikaanga kwanza. Moto hauui?"

"Moto unaua kuvu, hauui sumu. Kuosha hakuitoi. Kukaanga hakuitoi. Kusaga ndiyo kabisa, kunaichanganya na zile nzima. Na usitegemee ulimi kila mara. Sumu yenyewe haina ladha wala harufu. Bahati yenu, hizi zimeoza mpaka ulimi umejua."

Nambozo alifunika uso kwa leso. "Nimemuua mume wangu."

"Hujamuua. Yuko hai, na wiki sita zake hazijaisha. Lakini jua hili. Mtu mwenye homa ya ini ya B akila sumukuvu muda mrefu, hatari ya saratani ya ini inakuwa kubwa sana, kuliko ya mtu mwenye kimoja tu kati ya hivyo. Yeye kuliko wote hapaswi kuigusa."

Juwairiya akajinyoosha kwenye benchi. Alikuwa amengoja zamu yake. "Kwa hiyo mululuza yangu haina makosa. Waambie."

"Mama, na wewe ngoja," alisema Naigaga kwa upole. "Mimi sichukii mululuza. Bibi yangu alininywesha nikiwa mdogo, nikalia. Lakini kila unachomeza hupita kwenye ini, hata dawa, hata majani. Ini la Hamuza limeumia. Na hakuna anayejua kijiko kile kina nguvu kiasi gani, wala kinafanya nini kwenye ini la mgonjwa. Hakuna aliyeonyesha kwamba kinaondoa virusi vya B. Siwezi kusema ni karanga peke yake zilizomuumiza, wala siwezi kusema ni majani. Huenda ni virusi vyenyewe. Tuondoe vyote viwili, apumzike, apimwe. Na daktari wake aambiwe yote, majani na karanga pia."

"Basi daktari ampe dawa!" alisema Juwairiya. "Anamwangalia tu, kama mlinzi."

"Ndiyo hivyo hasa. Anamlinda. Si kila mwenye virusi hivi anahitaji vidonge. Wengine ini lao liko sawa, wanapimwa tu kila baada ya miezi. Siku likianza kuharibika, wanapewa vidonge mapema. Huko kupima ndiko matibabu yenyewe. Daktari hakumkatia tamaa."

Nambozo alisikia neno hilo, akakumbuka alivyomsema yule daktari wa watu.

"Na wewe," Naigaga akamgeukia, "umepimwa?"

Nambozo akatazama sakafu.

"Umechanjwa?"

Juwairiya akamwangalia mkwewe kutoka kichwani hadi miguuni.

"Nyoosha mkono," aliamuru.

Nambozo akanyoosha mkono. Akatolewa tone la damu pale pale. Ikaonekana hana virusi. Akachomwa chanjo ya kwanza, akaandikiwa tarehe za nyingine mbili, moja baada ya mwezi, ya mwisho baada ya miezi sita. Watoto wake walikwisha kuipata walipokuwa wachanga, pamoja na chanjo zao nyingine. Naigaga alihakikisha kwa kumuuliza umri wao na kadi zao.

Walipotoka nje, Nambozo alipiga magoti mara ya pili siku ile.

"Mama, nisamehe. Nilikuja kukutukana."

"Hukutukana. Ulitaka kutukana, tukaenda hospitali." Juwairiya akamwinua kwa kiwiko. "Mimi pia nilituma majani, sikuuliza daktari anasema nini. Sisi wawili tunampenda sana, tunamlisha bila kuuliza. Sasa twende ule. Toka asubuhi hujala."

Safari hii Nambozo alikula.

Nyumbani Mbale, jioni yake, alimweleza Hamuza kila kitu. Hakuficha chochote. Hamuza alisikiliza, mkono ubavuni.

"Kwa hiyo nilipokuambia ni chungu, ilikuwa chungu kweli."

"Ilikuwa chungu kweli. Nisamehe, mume wangu."

"Nimeshakusamehe. Lakini siku nyingine nikitema kitu, na wewe onja."

Namba mbili zote zilizobaki, Nambozo alizichimbia shimo nyuma ya nyumba, akazifukia. Jirani aliomba walau ampe za kuku. Nambozo akakataa. Naigaga alikuwa amemwambia kwamba kuku naye ana ini.

Lakini jambo moja lilimnyima raha. Karanga ya kusaga hakuila Hamuza peke yake. Majirani waliinunua. Na mnunuzi mkubwa kuliko wote alikuwa Akoth.

Unaweza kunyamaza, moyo ulimwambia. Nani atajua? Ukisema, utawapoteza wateja wote. Mtaa una midomo, na ungo wako utatangazwa vibaya mpaka sokoni. Nambozo aliwaza hivyo mpaka kufika mlangoni kwa Akoth. Ndani, madereva watatu walikuwa wanangoja chakula. Sufuria ya mchuzi wa karanga ilikuwa inachemka.

"Akoth, ule mchuzi umetumia karanga yangu?"

"Sasa ningetumia ya nani? Kaa, nikupakulie."

"Usimpakulie mtu. Karanga ile ni mbovu. Niliisaga kutoka zile zenye kuvu. Mimi sikujua ni sumu. Sasa najua."

Mwiko wa Akoth ulisimama hewani. Madereva wakageuka.

"Ati nini?"

Nambozo akarudia, mbele ya wote. Akaeleza kuhusu maji, kuvu, sumukuvu, na ini la Hamuza. Uso ulimwaka kwa aibu, lakini hakuruka hata neno.

"Miezi mingapi umeniuzia hiyo?" aliuliza Akoth.

"Tangu mvua zile."

"Nambozo! Mimi nalisha watu! Nalisha watoto wangu! Juzi nimewalisha hata wako!"

"Najua. Ndiyo maana nimekuja."

Akoth alibeba sufuria kwa vitambaa viwili, akatoka nje, akaimwaga yote mtaroni. Alirudi akaiweka chini. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. Wiki nzima hakumsalimu Nambozo. Nambozo akapita pia kwa majirani walionunua, akawaambia yale yale, na wateja wengine wakaondoka, kama moyo ulivyomwonya.

Siku ya nane Akoth alikuja barazani na ungo wake mwenyewe.

"Nimekuja kununua," alisema. "Lakini ya kusaga sitaki tena, kwako wala kwa mtu mwingine. Nataka nzima. Nizione kwanza, nizichambue mwenyewe, halafu nizipeleke mashine na nisimame pale pale."

"Hivyo ndivyo inavyotakiwa," alisema Nambozo. "Karanga ikishasagwa haina uso. Huwezi kuijua."

Wakakaa wawili, wakachambua. Kazi ya Nambozo sasa ilikuwa na utaratibu mwingine. Hakunyunyizia maji. Alimenya karanga kavu, na vidole viliuma mpaka akanunua mashine ndogo ya mkono ya kumenyea pamoja na wanawake wengine wanne. Alipopokea gunia, aliingiza mkono hadi katikati. Likiwa na joto au unyevu, alilirudisha. Karanga alizianika juu ya turubai, hakuzianika chini. Magunia aliyaweka juu ya mbao, mbali na ukuta. Zilizokunjamana, zilizovunjika na zenye madoa zilikwenda shimoni. Aliwaeleza wateja sababu, na wengine walirudi kwa sababu hiyo hiyo.

Wiki sita zilipokwisha, walikwenda hospitali pamoja. Nambozo mwenyewe alimweleza daktari habari za majani na karanga. Daktari aliandika yote. Kisha akasoma majibu. Namba za vipimo vya ini zilikuwa zimeshuka, ingawa hazijafika mahali pake.

"Tuendelee kuangalia," alisema.

"Tuendelee," alijibu Nambozo, na safari hii hakuuliza dawa iko wapi.

Ikatimia miezi sita tangu ile safari ya Budondo. Nambozo alichomwa chanjo ya tatu. Siku ile ile Hamuza alipimwa, na ini lake likakutwa limerudi kama lilivyokuwa mwanzo. Virusi bado viko. Ataendelea kupimwa, labda maisha yake yote. Lakini anakula, ubavu hauumi, na cherehani inalia tangu asubuhi. Alimpigia mama yake simu.

"Mama, ini limepona. Limerudi sawa."

"Alhamdulillahi," alisema Juwairiya. Sauti ilikuwa na machozi, lakini amri ilikuwa ile ile. "Vizuri. Endelea. Na daktari akisema njoo, nenda!"

"Ndiyo, afande!"

Jioni hiyo Nambozo alikaanga karanga kidogo, akaziweka kwenye sahani mbele ya mumewe. Kwanza akala mbili yeye mwenyewe, akatafuna taratibu, akangoja. Ndipo akamsogezea. Hamuza aliokota moja, akaigeuza mbele ya taa akiikagua kama askari wa mpakani.

"Mama watoto, hii ni namba ngapi?"

"Namba moja."

"Na za kuuza?"

"Namba moja vile vile," alisema Nambozo, akivuta ungo wake. "Nyumbani kwangu hakuna tena namba mbili. Kula."